Jina la Mtu, Sarafu ya Mtu Mwingine

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Lyulilo, Wilaya ya Kyela

 

Mada niliyopewa inasikika kama ya watu wa mbali. Ni ugomvi wa alama za biashara, pale sarafu za kidijitali zinapojiita majina ya kampuni au ya watu wanaojulikana tayari. Nimeona mahali pazuri pa kuieleza ni hapa, kwa sababu watu wa wilaya hii mmeuishi ugomvi huo miaka mingi. Mchele unaoitwa wa Kyela unauzwa Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, na kila mkulima aliyeketi hapa anajua kwamba si wote umetoka kwenye majaruba ya Kyela. Gunia linasema Kyela, mpunga umelimwa kwingine, na bei ya harufu ya mchele wenu inaingia mfukoni mwa mtu asiyewahi kuuona mto Mbaka. Jina limechukuliwa, mwenye jina hakuulizwa, na mlaji amelipia kitu ambacho hakukipata. Naomba mshike hao watatu: mwenye jina, aliyelichukua, na mnunuzi. Hoja yangu leo ni kwamba sheria imezoea kuwaamua wawili wa kwanza na kumwacha wa tatu nje ya mlango, na katika biashara ya sarafu za kidijitali wa tatu ndiye anayeumia kuliko wote.

Tuanze na tukio la nyumbani. Mwanzoni mwa Februari 2025 akaunti ya X ya Mohammed Dewji, mfanyabiashara ambaye bidhaa za kampuni zake ziko karibu kila duka la kijiji, ilidukuliwa. Wadukuzi waliitumia kutangaza sarafu mpya waliyoipa jina la nchi yetu, Tanzania. Fikirini uzito wa majina hayo mawili yakikaa pamoja: jina la taifa, na jina la tajiri ambaye Afrika nzima inamjua. Watu walinunua. Ilipobainika kwamba Dewji hakuhusika, fedha zilizoripotiwa kuvuka dola milioni 1 zilikuwa zimekwishaondoka.

Ule ulikuwa wizi wa wazi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtambua anayejifanya mtu mwingine kuwa ni mhalifu. Shida kubwa iko kwa yule asiyedukua akaunti ya mtu. Yeye anachagua tu jina linalofanana na jina kubwa, anaongeza herufi mbili tatu, kisha anakaa kimya na kuacha masikio ya watu yafanye kazi iliyobaki.

Sarafu hizi ni maingizo katika daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na kila mwenye nazo anatambulika kwa namba ndefu. Bitcoin, iliyo ya kwanza kati yake, ilianza kufanya kazi Januari 2009, na wakati ule kutengeneza sarafu yako mwenyewe kulitaka ujuzi mkubwa. Leo zipo programu zinazomwezesha mtu yeyote kuzindua sarafu mpya kwa gharama ndogo sana. Anachojaza ni idadi ya sarafu, picha ya nembo, na jina.

Hapo ndipo ninapoomba tutulie kidogo. Jumamosi, soko la vyungu linapojaa hapa Lyulilo, mnunuzi hukigonga chungu kwa kidole akasikiliza mlio kabla hajatoa fedha. Chungu kilichopasuka ndani hakiwezi kumdanganya mwenye sikio. Mchele nao unanuswa, unatafunwa mbichi, unapikwa nyumbani, na aliyeuziwa vibaya harudi tena kwa muuzaji yule. Sarafu mpya ya kidijitali haina cha kugonga wala cha kunusa. Haina shamba, haina ghala, haina hata noti ya karatasi. Muuzaji ana jina tu mkononi. Kwa hiyo anayeazima jina kubwa kwa ajili ya sarafu yake ameazima bidhaa nzima, kwa kuwa nje ya jina hilo hakuna kitu kilichobaki cha kununuliwa.

Kesi iliyofundisha mengi katika jambo hili ni ya Alibaba, kampuni ya duka la mtandaoni. Kampuni hiyo ilianzishwa na Jack Ma na wenzake mjini Hangzhou, China, mwaka 1999, na jina walilitoa katika hadithi ambayo wengi wetu tumekua nayo, ya Ali Baba na wezi 40. Mwaka 2018 taasisi iliyojiita Alibabacoin Foundation, yenye shughuli zake Dubai na Belarus, ilikuwa ikiuza sarafu iliyoitwa AlibabaCoin na imekwisha kukusanya zaidi ya dola milioni 3.5. Aprili mwaka huo Alibaba iliishtaki katika mahakama ya shirikisho mjini New York.

Mtu anaweza kuuliza: jina la hadithi ya zamani, ambalo hata Jack Ma alilikuta, linawezaje kuwa mali ya kampuni? Sheria ya alama za biashara ina jibu lenye mantiki. Jina linalotaja bidhaa yenyewe, kama vile kumwita mchele wako Mchele, halina nguvu, kwa sababu kila muuza mchele analihitaji. Jina lisilo na uhusiano wowote na bidhaa ndilo lenye nguvu. Ali Baba wa hadithini hakuuza bidhaa mtandaoni. Uhusiano kati ya jina lake na duka la mtandaoni ulijengwa na kampuni ile kwa kazi yake yenyewe, na sheria inalinda kazi hiyo. Hadithi imebaki ya watu wote.

Waliouza sarafu walijibu kwamba wao hawako Marekani, na kwamba mahakama ya New York haina mamlaka juu yao. Mwishoni mwa Aprili Jaji J. Paul Oetken alikubaliana nao: Alibaba haikuwa imeonyesha kiungo cha kutosha kati ya biashara ile na jimbo la New York, basi zuio lililoombwa likakataliwa. Kampuni yenye utajiri usiohesabika, yenye jina lililojulikana dunia nzima, ilirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya mpaka.

Kisha Alibaba ikarudi na ushahidi mpya. Ilikuwa imempata mkazi wa New York aliyenunua sarafu zile. Ununuzi wa mtu huyo ulitosha kumpa jaji mamlaka, na Oktoba 2018 akatoa zuio dhidi ya matumizi ya jina la Alibaba katika biashara hiyo nchini Marekani. Mwaka 2019 pande mbili zilipatana, na sarafu ikaendelea na maisha yake chini ya herufi ABBC.

Angalieni vizuri kilichotokea. Mnunuzi ndiye aliyefungua mlango wa mahakama. Bila yeye, kesi ilikuwa imekufa. Lakini alipomaliza kuwa ushahidi, hakuwa na nafasi nyingine katika shauri. Kesi haikuwa ya kumrudishia fedha zake wala za wenzake walionunua Dubai, Ulaya au kwingineko. Ilikuwa ya jina, na jina lilipokuwa salama, shauri likafungwa. Simlaumu jaji, maana alihukumu alicholetewa. Ninachosema ni kwamba sheria inayomtumia mnunuzi kama ufunguo, kisha ikamwacha nje, ina kasoro ambayo sisi huku tunaweza kuiona mapema na kuirekebisha kabla haijatuumiza.

Nchini Marekani pia, mwaka 2021, mtu mmoja wa Florida alizindua sarafu aliyoiita JRR Token, kwa kuliiga jina la mwandishi J.R.R. Tolkien. Warithi wa mwandishi walipeleka malalamiko kwa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, lenye makao Geneva, kuhusu anwani ya tovuti. Toeni herufi mbili katikati ya Tolkien na mtabaki na Token. Utetezi kwamba ulikuwa utani ulikataliwa, na sarafu ikafungwa.

Kesi ya Telegram ina funzo kubwa zaidi. Telegram, ile programu ya kutumiana ujumbe ambayo vijana wengi hapa mnayo kwenye simu, ilitangaza sarafu yake iitwayo Gram na kukusanya takriban dola bilioni 1.7 kutoka kwa wawekezaji. Kampuni ndogo iitwayo Lantah ikadai jina Gram ni lake kwa sababu imewahi kuomba usajili. Agosti 2018 mahakama ya shirikisho ya California iliipa Telegram zuio dhidi ya Lantah, kwa kuona kwamba Telegram ndiyo iliyotangulia kulitumia katika biashara. Telegram imeshinda, jina ni lake. Mwaka uliofuata mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ikaishtaki Telegram kwa kuuza sarafu hiyo bila kufuata sheria ya dhamana, na Machi 2020 mahakama ya New York ikazuia sarafu zisigawiwe. Telegram iliachana na mradi, ikakubali kurudisha zaidi ya dola bilioni 1.2 na kulipa faini ya dola milioni 18.5.

Kwa hiyo mahakama moja ililinda jina la sarafu, na mahakama nyingine ikaizuia sarafu yenyewe. Hakuna mgongano hapo. Haki ya kuitwa jina fulani na haki ya kuuza kitu kwa umma ni haki mbili tofauti kabisa, zinazotolewa na watu tofauti kwa vigezo tofauti. Nawaomba mlitie akilini jambo hilo kwa sababu nitalirudia nitakapofika kwenye cheti cha BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni na majina ya biashara.

Sasa turudi Afrika Mashariki, kwenye jina ambalo hakuna mtu hapa asiyelitamka kila siku. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Kwa miaka mingi mwenye alama hiyo alikuwa Vodafone ya Uingereza, na mpaka Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom zilipoinunua. Lakini neno pesa lenyewe halikuwahi kuwa la kampuni yoyote. Ndiyo maana Tanzania tulipata Tigo Pesa, Ezy Pesa ya Zantel, HaloPesa na AzamPesa, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Hilo ni sawa kabisa. Kampuni ikiruhusiwa kumiliki neno pesa, kesho nyingine itataka duka, soko au shamba.

Uhuru huo, hata hivyo, una gharama. Mwaka 2013 Elizabeth Rossiello alianzisha BitPesa mjini Nairobi, huduma ya kubadilisha bitcoin na kutuma fedha za nchi za Afrika. BitPesa iliifikia M-Pesa kwa kupitia kampuni iitwayo Lipisha. Novemba 2015 Safaricom ikaikatia Lipisha huduma, na pande hizo zikafikishana Mahakama Kuu ya Nairobi. Safaricom haikulalamikia jina. Ilisema BitPesa haina kibali cha mdhibiti, na kwamba biashara ya namna ile inaweza kuvunja masharti ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Desemba mahakama ilikataa kuamuru huduma irudishwe, na mwezi huohuo Benki Kuu ya Kenya ikautahadharisha umma juu ya sarafu za kidijitali. BitPesa iliendelea kwa njia nyingine, na mwaka 2019 ikabadili jina ikawa AZA. Mimi naona kesi ile ilikwenda mahali pake: swali muhimu halikuwa kama masikio ya watu yanachanganya M-Pesa na BitPesa, lilikuwa kama mtu anayetoa fedha yake analindwa na nani.

Serikali nayo ina jina inalolilinda, nalo ni fedha halali ya nchi. Mwaka huohuo wa 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, ili kuuziana maji, mboga na ususi siku ambazo shilingi hazipo. Polisi waliwakamata watu sita, akiwamo Mmarekani Will Ruddick aliyeasisi mpango huo, wakafunguliwa mashtaka ya kughushi. Mashtaka yalifutwa mwaka huohuo, na wazo lile baadaye likakua na kuwa sarafu za jumuiya zinazoendeshwa kidijitali. Nawataja kwa heshima, kwa kuwa walikuwa na kitu nyuma ya jina: watu waliojuana, na bidhaa zilizokuwapo.

Mwanzoni mwa 2025 mikoa yetu ilisikia habari za LBL. Haikuwa sarafu ya kidijitali, lakini ilitumia njia ileile. Herufi hizo zilielezwa kuwa kifupi cha Leo Beneath London. Iko kampuni kubwa ya matangazo iitwayo Leo Burnett, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1935, na tawi lake la London likitajwa kwa kifupi linatoa herufi zilezile. Watu walivutwa kwa ahadi ya malipo kwa kazi ndogondogo za simu, na Benki Kuu ya Tanzania ikatoa tahadhari kwamba LBL haina leseni yake. Waliotoa fedha walikuwa wauguzi, walimu, mama lishe, vijana wenye pikipiki za mkopo. Si wajinga. Mtu ambaye hajawahi kufika London hana namna ya kujua kwamba jina lile limepindwa.

Katika mambo ya aina hii muuzaji huwa na karatasi moja anayoipenda sana, nayo ni cheti cha BRELA. Anakipiga picha, anakirusha kwenye makundi ya WhatsApp, na mtu akiuliza swali anajibiwa kwamba kampuni imesajiliwa na serikali. Ni kweli, imesajiliwa. Msajili wa makampuni anathibitisha kwamba kampuni yenye jina hilo ipo na ina wakurugenzi. Msajili wa alama za biashara na huduma, chini ya Sheria ya mwaka 1986, anathibitisha kwamba alama fulani imeandikishwa kwa bidhaa au huduma za daraja fulani, kwa miaka 7 ya kwanza na kisha kwa vipindi vya miaka 10. Hakuna hata mmoja kati yao anayesema kwamba fedha yako iko salama. Leseni ya kupokea amana au kuendesha huduma za malipo inatoka Benki Kuu. Ni haki mbili tofauti, kama Telegram walivyojifunza kwa gharama kubwa.

Na tukitaka kusema ukweli, hata mwenye jina mwenyewe halindwi vizuri. Alama husajiliwa kwa madaraja, nayo ni 45. Kampuni inayouza sabuni imesajili daraja la sabuni. Akitokea mtu akaipa sarafu jina la sabuni hiyo, yeye amekaa kwenye daraja la 36 la huduma za fedha, au la 9 lenye programu za kompyuta. Mwenye sabuni atalazimika kuthibitisha kwamba jina lake linajulikana kiasi kwamba watu wataamini sarafu imetoka kwake. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Paris tangu 1963, na mkataba huo pamoja na kanuni za Shirika la Biashara Duniani vinamlinda mwenye jina mashuhuri. Lakini umashuhuri unathibitishwa kwa ushahidi, ushahidi unataka mawakili, na mawakili wanataka fedha. Kampuni kubwa itaweza. Kiwanda kidogo cha Tukuyu hakitaweza.

Msimamo wa nchi juu ya sarafu zenyewe nao umekuwa wa kusitasita. Novemba 12, 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi hazitambuliwi, na kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Tazama sasa mkulima wa kakao wa Kyela aliyeuza vizuri mwaka 2024, bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani. Anaambiwa kitu hiki hakitambuliwi, kisha anaambiwa kinatozwa kodi. Mtu mwenye maneno matamu akimwambia kwamba kodi ni uthibitisho wa uhalali, nani atamlaumu kwa kuamini? Serikali inayochukua asilimia 3 ina wajibu wa kumwambia mlipaji, kwa Kiswahili na kwenye redio anayoisikiliza, ni majina yapi yana kibali na yapi hayana.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye simu, kibaya sasa kinatembea kikiwa kimevaa jina la kizuri.

Nije kwenye majina yenu. Tuseme kesho mtu aliye Dubai au Nairobi anazindua sarafu aiite Kyela, aweke picha ya mashuke ya mpunga, na kusema kila sarafu moja inasimamiwa na kilo ya mchele wenu. Au aiite kwa jina la Wakisi, jamii ya mama zangu wafinyanzi wa Ikombe mliopo hapa, na nembo yake iwe chungu chenye mapambo yale ambayo mama hawa wanayachora kwa mikono. Nani atakwenda mahakamani? Alibaba ilikuwa na mawakili. Warithi wa Tolkien walikuwa na mawakili. Mchele wa Kyela hauna mwenyewe kisheria. Jina la mahali peke yake huwa gumu kusajiliwa kuwa alama ya mtu mmoja, na ni sawa, kwa kuwa Kyela ni ya Wanakyela wote. Njia inayotumika duniani kwa majina kama haya ni viashiria vya kijiografia, ambapo jina la mahali linalindwa kwa niaba ya wazalishaji wote wanaofuata masharti yaliyokubaliwa. Zanzibar wameiingiza njia hiyo katika sheria yao ya mali za viwandani ya mwaka 2008. Bara tumekwenda miaka mingi bila sheria maalumu ya namna hiyo, na usajili wa Bara hauvuki maji kwenda Zanzibar, wala wa Zanzibar hauji Bara. Sioni sababu njema ya mchele unaotajwa nchi nzima kukosa ulinzi ambao karafuu za Zanzibar zinaweza kuupata.

Wapo waliopambana wakashinda. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi, likiwa limeandikwa kwa herufi y mwishoni, liwe alama yake. Wakenya na marafiki zao wa Uingereza waliweka pingamizi, na kufikia 2008 ombi lilikuwa limeanguka. Ethiopia ilianza mwaka 2005 kuomba usajili wa majina ya kahawa zake za Sidamo, Harrar na Yirgacheffe nchini Marekani, ikakutana na upinzani, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano na kampuni ya kahawa ya Starbucks yaliyotambua majina hayo kuwa ya Ethiopia. Katika yote mawili, walioshinda walikuwa wamejipanga kwa pamoja na walikuwa na kumbukumbu za maandishi. Haki haikuwafuata walipokuwa wamelala.

Kwa hiyo nina maombi, na nitayasema waziwazi.

Kwa wabunge wetu: leteni sheria ya viashiria vya kijiografia kwa Bara. Na mtakapotunga sheria ya sarafu za kidijitali, kama Kenya walivyofanya mwaka 2025, andikeni ndani yake kwamba mahakama inapozuia sarafu kwa kuazima jina, iamue katika shauri hilohilo fedha za wanunuzi zitarudishwaje. Kwa BRELA: jina lolote linaloomba kusajiliwa kwa huduma za fedha au sarafu lisipite kabla Benki Kuu haijaulizwa, na cheti kiandikwe kwa maneno makubwa kwamba si leseni ya kupokea fedha za watu.

Kwa vyama vya ushirika vya wakulima na kwa mama zangu wafinyanzi: msisubiri sheria hiyo. Kikundi kinaweza leo kubuni nembo yake, pamoja na jina lisilo la mahali tu, na kuisajili kama alama ya biashara, kisha kuipiga kwenye kila gunia na chini ya kila chungu kabla hakijachomwa. Andikeni mnavyotengeneza, udongo mnakoutoa, mbegu mnazopanda, nani ni mwanachama. Karatasi hizo ndizo wakili atakazoziomba siku ya pingamizi.

Na kwa kijana mwenye simu: ukiletewa sarafu yenye jina unalolijua, usiulize jina hilo ni la nani. Uliza leseni ya Benki Kuu ni namba ngapi, kisha ipigie Benki Kuu yenyewe tawi lao la Mbeya na uisome namba hiyo kabla hujatuma hata shilingi moja. Ukikuta umeshatuma, nenda polisi na upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo ipo kwa sheria ya mwaka 2003 na ina kazi ya kushughulikia wanaowapotosha walaji. Usikae kimya kwa aibu, maana aibu hiyo ni ya aliyekudanganya.